Kuchagua distro ya Linux kwa kompyuta ya nyumbani, ukiwa Lamu

Laptopu nyingi zinazovuka kutoka Mokowe kuja Amu siku hizi ni za mtumba. ThinkPad, Latitude, EliteBook: zimetumika ofisini ng'ambo kwa miaka, zikafika Mombasa, zikapanda basi hadi gatini Mokowe, zikamalizia safari kwa boti. Ni mashine imara, na kibodi zake ni nzuri kuliko za laptopu nyingi mpya za bei rahisi. Lakini Microsoft ilimaliza msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya karibuni, kwa Intel kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Laptopu ya Core i5 ya kizazi cha sita, yenye uhai wa miaka mingi bado, imeachwa ufukweni. Linux inaipakia.

Shida huanza mtu akiisha kukubali. Anaingia mtandaoni kutafuta "Linux" na anakuta majina mia: Ubuntu, Mint, Debian, Fedora, Arch, antiX. Linux yenyewe ni kiini tu, kile kinachozungumza na prosesa, memori na diski. Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Kiini hicho ni kama mkuku wa chombo: hakuna anayesafiri juu ya mkuku mtupu. Distro ni chombo kizima, mbao zake, tanga lake, na mabaharia wanaokitunza. Mkuku ni ule ule, ila kuna mashua ya kuvulia na kuna jahazi la kubeba mzigo, na swali la kujiuliza ni unakwenda wapi na umebeba nini.

Nieleze kwanza kwa nini nachagua kwa utaratibu nitakaouonyesha hapa. Miaka michache nyuma nilimwekea ami yangu, pale Langoni, distro moja ya aina ya mfululizo: haina matoleo ya mwaka, programu mpya huteremka kila siku zinapokuwa tayari. Nilikuwa naitumia mwenyewe na kuifurahia, kwa kuwa mimi niko mtandaoni kila siku. Ami huwasha kompyuta mara moja kwa wiki mbili, kuandika hesabu za mashua yake na kutazama picha za wajukuu walioko Jeddah. Akakaa miezi mitatu bila kusasisha. Siku aliyobonyeza, mfumo ukataka kupakua zaidi ya GB 2. Bando likaisha katikati, akanunua jingine, kisha umeme ukakatika kabla programu hazijamaliza kuandikwa kwenye diski. Ilipowashwa tena ilikuwa skrini nyeusi na mstari mmoja wa maandishi. Akanipigia simu: "Ndoo utezame." Mimi nilikuwa Nairobi, na nilibaki huko wiki tatu. Mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyewahi kuiona distro ile kwa macho. Picha zilisalimika, lakini mzee alikaa wiki tatu bila kompyuta yake kwa sababu ya uamuzi wangu.

Tangu siku hiyo nauliza mambo matatu, na nayauliza kwa mpangilio huu: nani yuko karibu nawe, bando lako ni kiasi gani, na mashine yako ina nguvu gani. Miongozo mingi huanza na la mwisho. Mimi naamini la kwanza ndilo linaloamua kama kompyuta itakuwa hai baada ya mwaka mmoja.

Hatua ya 1: Mtafute mtu kabla ya kuitafuta distro

Uliza mtaani. Kijana wa saiba, mwalimu wa kompyuta wa shule ya mtoto wako, binamu anayesomea mambo haya Mombasa na kurudi kila likizo. Muulize anatumia Linux ipi, na kama ukikwama atakuja kukutazamia. Akikujibu "Ubuntu", basi na wewe anza na Ubuntu, hata kama huku chini utaona naipendelea Mint. Akikujibu "Debian", chukua Debian. Mtu anayeweza kutembea dakika kumi akaja kukaa nawe dakani ana thamani kuliko tofauti yoyote ya kiufundi utakayoisoma.

Na kama hakuna mtu? Hapo elewa koo za distro, kwa sababu msaada hufuata ukoo. Debian ilianzishwa mwaka 1993. Juu yake ikajengwa Ubuntu mwaka 2004, na aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa neno letu "utu". Juu ya Ubuntu ikajengwa Linux Mint mwaka 2006. Hizi tatu ni nyanya, mama na mjukuu. Amri zake karibu zote ni zile zile, programu huwekwa kwa apt, yaani amri ya kupakua na kuweka programu, na jibu ulilolipata kwa Ubuntu mara nyingi litafanya kazi kwenye Mint. Fedora ni ukoo mwingine, Arch ni ukoo mwingine tena. Zote ni kazi nzuri ya watu wenye bidii. Lakini anayeanza akibaki katika ukoo wa Debian, anazidisha idadi ya watu wanaoweza kumsaidia, iwe mtaani au mtandaoni.

Hatua ya 2: Pindua kompyuta, uisome

Igeuze laptopu na usome karatasi iliyobandikwa chini. Andika modeli yake kamili, kwa sababu "Dell" peke yake haisaidii, "Latitude E6430" inasaidia. Kisha iwashe, na kama ina Windows ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, halafu "About". Pale utaona vitu viwili muhimu: RAM, yaani memori, ni GB ngapi, na kama mfumo ni wa biti 64, aina ya siku hizi, au wa biti 32, aina ya zamani. Angalia hapo kwenye aina ya prosesa hasa: ikiandikwa x64, una biti 64, hata kama Windows iliyowekwa ni ya biti 32. Kama mashine ina Linux tayari, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike free -h kwa memori na lscpu kwa prosesa.

Cha tatu ni diski. Laptopu za zamani nyingi zina diski ya kuzunguka, ile inayonguruma ukiweka sikio. Nisikilize hapa vizuri: kama una pesa ya kufanya jambo moja tu kwa laptopu ya zamani, nunua SSD, diski isiyozunguka, hata ndogo ya GB 120 au 240. Hakuna distro nyepesi itakayokupa kasi ambayo SSD itakupa. Nimeona watu wakihama distro tano wakitafuta wepesi, na kilichokuwa kizito ni diski.

Ukiwa umeishika, chungulia na matundu yake. Hewa yetu ina chumvi, na wakati wa kusi unyevu huingia kila mahali. Tundu la USB lenye kutu ya kijani litakusumbua wakati wa kuweka mfumo, utadhani flashi ni mbovu. Jaribu matundu yote, uone lipi linashika bila kuyumba, na hilo ndilo utakalolitumia.

Hatua ya 3: Hesabu bando

Sehemu hii waandishi wa ng'ambo huipita kwa mstari mmoja, na ndiyo inayotuumiza sisi.

Kuna gharama ya kupakua mara ya kwanza. Faili la Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6. La Linux Mint ni karibu GB 3. Debian ina faili dogo la kuanzia, chini ya GB 1, lakini usidanganyike na udogo wake: vilivyobaki huvipakua kutoka mtandaoni wakati wa kuweka, na mtandao ukikatika utakwama njiani. Kama una rafiki mwenye mtandao wa waya hotelini au ofisini, mpelekee flashi akupakulie. Faili likiisha kupatikana mara moja, mtaa mzima unaweza kulitumia, na kunakili ni halali kabisa. Leseni za programu hizi zinaruhusu kugawa, na zimeandikwa kwa nia hiyo.

Gharama ya pili ni ya kila mwezi, na hapa distro zinatofautiana sana. Ubuntu huweka baadhi ya programu, Firefox ikiwemo, kwa mfumo uitwao snap. Kwa kawaida snap hukagua mtandaoni mara nne kwa siku na kujisasisha bila kukuuliza. Kwa mtu wa Wi-Fi isiyo na kikomo ni jambo jema, usalama unajiendesha. Kwa anayetumia hotspoti ya simu, bando linaweza kuyeyuka asubuhi moja, naye hajafungua chochote. Ukichagua Ubuntu, fungua terminali siku ya kwanza uandike:

sudo snap refresh --hold

Amri hiyo inasimamisha kujisasisha. Kisha wewe mwenyewe, siku ukiwa na mtandao mzuri, andika sudo snap refresh ili upate masasisho. Usiyaache milele, kwa sababu kivinjari cha zamani ni mlango wazi.

Mint haiji na snap. Ina Update Manager, ngao ndogo inayokaa pembeni mwa skrini. Inakuonyesha kuna masasisho gani na yatakula MB ngapi, na inakungoja ubonyeze. Kwa maisha yetu ya bando, hili peke yake linanitosha kuipendelea Mint. Ila nayo ina mtego wake: kwenye duka lake la programu, programu moja huweza kuonekana kwa sura mbili, ya kawaida na ya Flatpak. Ile ya Flatpak huja na mizigo yake yote, na programu ya MB 30 inaweza kukugharimu mamia ya MB mara ya kwanza. Tazama ukubwa kabla ya kubonyeza, na ukiweza chukua ya kawaida.

Kitu cha mwisho kwenye bando ni umri wa toleo. Ubuntu hutoa toleo kila Aprili na Oktoba, na kila miaka miwili toleo la Aprili huwa la LTS, yaani la kudumu, lenye masasisho ya kawaida kwa miaka mitano. Toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024, hivyo linakwenda hadi 2029. Mint 22 imejengwa juu ya hilo na inafika 2029 pia. Fedora hutoka takriban kila miezi sita, na kila toleo hutunzwa miezi 13 hivi, baada ya hapo lazima uhamie jipya kwa kupakua GB nyingine kadhaa. Kwa nyumba yenye bando la wiki, mimi siishauri Fedora. Namshauri mwanafunzi wa programu mwenye mtandao mzuri na laptopu mpya, maana kiini chake huwa cha karibuni na hutambua vifaa vipya mapema.

Hatua ya 4: Sasa chagua

Ukiwa na biti 64 na RAM ya GB 4 au zaidi, chukua Linux Mint yenye sura ya Cinnamon. Kitufe cha menyu kiko chini kushoto, madirisha yanafunguka pale mtu aliyetoka Windows anapoyatarajia, na mama yako hatahitaji kufundishwa upya namna ya kufunga kompyuta. Ukiwa na GB 8, Ubuntu nayo inakwenda vizuri. Sura yake ni tofauti zaidi, menyu imesimama ubavuni, wengine huipenda na wengine huona imewapotezea njia.

RAM ikiwa GB 2 au zaidi lakini haifiki 4, chukua Mint ile ile lakini yenye sura ya Xfce. Si nzuri kwa macho kama Cinnamon, lakini inakula memori kidogo, nayo inapata masasisho miaka mitano kamili. Kuna Lubuntu na Xubuntu, nyepesi na nzuri vilevile, ila matoleo yao ya LTS hutunzwa miaka mitatu. Kuwa mkweli na nafsi yako juu ya GB 2: mfumo utawaka vizuri, lakini tovuti za leo ndizo nzito. Fungua ukurasa mmoja, miwili, basi. Memori ya DDR3 ya laptopu hupatikana kwa mafundi wa mtumba Mombasa, na kuongeza kutoka GB 2 hadi 4 ni kazi ya bisibisi moja.

Mashine ya biti 32 ni hadithi nyingine. Ubuntu na Mint za ukoo wake ziliacha biti 32 zamani. Debian 12 ndiyo ya mwisho kuwa na kisakinishi cha biti 32, na masasisho yake ya muda mrefu yanakwenda hadi Juni 2028; Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena. antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12, nayo ina toleo la biti 32 na ni nyepesi sana. Mashine hiyo itakufaa kuandikia barua, kusikilizia visomo vya Qur'ani na kumfundishia mtoto kuchapa. Usimwahidi mtu kwamba itafungua kila kitu.

Kwa kompyuta ya saiba au ya ofisi ndogo, inayotakiwa ikae miaka bila kubadilika sura, Debian ndiyo nanga. Programu zake si za karibuni kabisa, na kwa kazi hiyo ni sifa.

Kabla hujafunga uamuzi, orodhesha programu ambazo kazi yako haiwezi kwenda bila ya hizo. eCitizen, huduma za kodi na barua pepe ziko kwenye kivinjari, kwa hiyo zinafanya kazi. Microsoft Office ya kuweka kwenye mashine haipo kwa Linux, wala Photoshop. Kama mkate wako unategemea hizo, bakisha Windows ubavuni, au usihame. Kwa barua, hesabu na ripoti, LibreOffice huja ndani bila malipo na hufungua mafaili ya Word na Excel. Mpangilio huweza kusogea kidogo, na sababu kubwa huwa ni fonti. Weka Carlito na Caladea: herufi zake zina upana ule ule wa Calibri na Cambria, na mistari hurudi mahali pake. Hati ya kupeleka ofisi ya mtu, ibadilishe iwe PDF kwanza.

Hatua ya 5: Tengeneza flashi

Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, maana itafutwa yote. Pakua faili kutoka tovuti ya distro yenyewe, si kwenye kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Kisha hakikisha halikuharibika njiani. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda yenye faili, uandike:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Weka jina halisi la faili lako mahali pa linuxmint.iso. Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye tovuti ya distro, wote hadi mwisho. Ikitofautiana hata herufi moja, faili ni bovu, lipakue tena. Kwa mtandao wetu unaokatika mara tatu kwa saa, hatua hii imeniokoa zaidi ya mara moja.

Kuliandika faili kwenye flashi tumia Rufus au balenaEtcher. Mimi nampendekezea kila anayesaidia wengine Ventoy: unaiweka mara moja, kisha unanakili mafaili ya distro kwenye flashi kama unavyonakili nyimbo, matatu au manne. Ukiwasha, inakuuliza unataka ipi. Flashi yangu moja ina Mint ya Cinnamon, Mint ya Xfce na Debian, na imeshafika Shela na Matondoni.

Hatua ya 6: Kaa nayo jioni moja kabla ya kuiweka

Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku unabonyeza F12 kwa Dell na ThinkPad au F9 kwa HP, uchague flashi. Mfumo utawaka wote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Usikimbilie kuuweka. Huu ndio wakati wa kuchumbiana.

Angalia Wi-Fi kwanza. Usihukumu ukiwa chumba cha ndani: kuta zetu za mawe ya tumbawe ni nene, na laptopu isiyoona mtandao ndani huenda ikauona vizuri ukitoka dakani au ukipanda juu darini. Lakini kama haioni mtandao wowote hata ukiwa karibu na ruta, huenda ina chipu ya Broadcom, iliyoko kwenye baadhi ya Dell na HP za zamani, inayohitaji dereva ya ziada, yaani programu ya kuiendesha chipu hiyo. Dawa yake ni simu: unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kwenye simu mgao wa mtandao kwa USB, na kompyuta itaupata mtandao papo hapo bila dereva yoyote. Ukishaweka mfumo, Driver Manager ya Mint itakutafutia dereva ya Wi-Fi kupitia mtandao huo wa simu.

Halafu jaribu sauti, kamera, vitufe vya mwangaza, na kufunga kifuniko kisha kukifungua tena. Hilo la kifuniko lijaribu mara mbili, wengi hulisahau na ndilo hukera kila siku. Ukiwa na printa ichomeke. Za HP nyingi hutambulika zenyewe. Muite na atakayeitumia kompyuta hasa, awe mama, awe mtoto, akae atafute faili na kufungua video, nawe ukae kimya umtazame. Akikwama sana, badilisha sura kabla hujaiweka, kwa sababu sasa hivi kubadilisha hakugharimu kitu. Kwenye flashi mfumo ni wa polepole, kwa hiyo kasi usiihukumu.

Hatua ya 7: Hifadhi, kisha weka

Nakili picha, hati na namba zako kwenye diski ya nje. Usinakili sehemu nyingine ya diski ile ile, nakili nje, kisha fungua picha mbili tatu kutoka kule uone kweli zimefika.

Kama diski ni ndogo na wewe huna haja tena na Windows, futa yote. Maisha ya mifumo miwili ni matamu kwa mwenye nafasi. Ukitaka kubakisha Windows, fanya mambo mawili ukiwa bado ndani yake. Zima "fast startup", vinginevyo Linux inaweza kuyasoma mafaili ya Windows lakini isiweze kuyaandika. Na kagua kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows. Ikiwa ndivyo, andika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Nimemuona mwalimu mmoja akikosa miaka miwili ya alama za wanafunzi kwa sababu ya ufunguo ambao hakujua kwamba anao.

Chaji betri ijae kabla ya kuanza. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, betri ya akiba, usiiwekee mfumo jioni, wakati kila nyumba imewasha taa na feni; asubuhi ni salama zaidi. Kisha fuata maswali: lugha, kibodi, mtandao, diski. Tiki kisanduku cha kodeki ili video na muziki vifunguke, weka jina na nywila, ungoje. Kwenye SSD ni kama dakika ishirini.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza

Sasisha, hata kama ni GB 1. Kwenye Mint, fungua mipangilio ya vyanzo vya programu, uombe ipime kasi ya seva, uchague iliyo na kasi kuliko nyingine kwa mtandao wako. Kisha fungua Timeshift, uiambie ihifadhi hali ya mfumo kila wiki na kubakisha mbili au tatu. Kama ami angekuwa na Timeshift siku ile, angerudishiwa mfumo wake kwa dakika chache. Fahamu tu kwamba Timeshift kwa kawaida huhifadhi mfumo, si picha zako. Hizo endelea kuzinakili nje.

Kisha kibodi. Kuna mpangilio wa Kiswahili wa Kenya na wa Tanzania, ukipenda. Lakini wengi wetu hapa tunahitaji Kiarabu, kwa madrasa, kwa hati za nyumbani, na kwa tenzi za wazee zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ongeza mpangilio wa Kiarabu, uchague vitufe vya kubadilishia, Alt na Shift kwa mfano. Kama unaandika Kiswahili kwa herufi hizo, utakosa p, ch na g; ongeza na mpangilio wa Kiajemi, humo zimo zote tatu. Fonti Scheherazade ya shirika la SIL huzionyesha vizuri pamoja na irabu zake. Mwalimu mmoja wa madrasa nilipomwonyesha hilo alichapa jina la mamake kwa hati aliyofundishwa naye utotoni, akalitazama muda mrefu bila kusema neno.

Mwisho, chukua kipande cha karatasi, uandike jina la distro, toleo lake, tarehe uliyoiweka, mwaka ambao masasisho yatakwisha, na namba ya simu ya yule mtu wa hatua ya kwanza. Ipindue kompyuta, ukibandike chini, kando ya ile karatasi ya modeli, na juu yake uweke selotepu pana ili unyevu wa kusi usifute wino.